Notisi ya siku 60, nyumba ya Chuno, na mnunuzi anayetoa pungufu ya deni. Benki inakubali kuzungumza?

#1 · BabaSalma_Chuno
Habari za usiku wana jukwaa. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Mwaka 2021 nilikopa milioni 110. Rehani ni nyumba ninayoishi na familia, Chuno, Mtwara mjini. Nusu ya pesa niliingiza kwenye duka la pembejeo, nusu nikanunua Fuso. Wakulima wa korosho walipoanza kugawiwa bure salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho, nani tena aje kununua mfuko dukani kwangu? Nikabaki naitegemea Fuso, nayo ikapinduka mwaka jana njia ya Newala. Namshukuru Mungu dereva alitoka salama. Bima ikalipa kiasi ambacho hakikufika hata nusu ya nilichotarajia.

Deni leo ni milioni 94 na ushee, riba na adhabu humo humo. Nimeletewa notisi ya siku 60 na zimebaki 38. Nina mnunuzi, mfanyabiashara wa Masasi, pesa anayo mkononi, amefika milioni 74 na amesema haongezi. Dalali mmoja wa hapa mjini ananiambia kwenye mnada haitafika hata 60. Mthamini wa benki mwaka 2021 aliandika milioni 168.

Ninachouliza: benki inaweza kupokea hiyo 74, ikaachia hati, na ile 20 inayobaki ikasamehewa au nikailipa taratibu? Kuna aliyewahi kufanya hivi huku kusini? Sitaki watoto wangu waone watu wakipiga kengele ya mnada mlangoni.

#2 · FundiMwiko_Mikindani
Pole sana njomba. Mimi ni mjenzi, nimeona nyumba nyingi zikinadiwa. Uza hata kesho. Ya mnada haina mwenyewe.

#3 · Chikongola_B
Benki haisamehi senti. Usijipe tumaini, utakuja kuumia mara mbili. Watachukua hiyo 74, halafu watakufuata kwa 20.

#4 · Mwana_Naliendele
#3 umeshawahi kukaa nao mezani au unasimulia ya vijiweni? Mtu anaulizia makazi ya watoto wake, tuseme tunayoyajua.

#5 · AfisaMstaafu
BabaSalma, pole. Nimefanya kazi ya mikopo miaka 19, mitano ya mwisho kwenye kitengo cha mikopo chechefu, yaani isiyolipwa. Nitakwambia inavyokwenda ndani.

Kwanza, meneja wa tawi hana mamlaka ya kukubali pungufu. Akikwambia "nitajaribu", maana yake anaandika waraka kwenda makao makuu, na huko kuna kamati. Kwa hiyo usimalize siku zako 38 ukimbembeleza meneja kwa mdomo. Kamati inasoma karatasi tu, sura yako haiioni.

Pili, ligawe deni lako. Omba taarifa ya mkopo inayoonyesha mtaji uliobaki ni kiasi gani, riba ni kiasi gani na adhabu ni kiasi gani. Watu huja wakisema "naomba nisamehewe milioni 20" bila kujua 20 hiyo imetokana na nini. Adhabu inafutika kirahisi. Riba inafutika kwa shida kidogo. Mtaji ndio mgumu. Kama mtaji wako uliobaki ni, tuseme, 78, basi unaomba benki ipoteze milioni nne tu za mtaji, na hilo ni ombi la aina nyingine kabisa.

Tatu, mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unahesabika chechefu na benki inalazimika kutenga pesa kufidia hasara inayotarajiwa. Pesa hiyo imelala, haizai. Pesa taslimu ya mwezi huu ina uzito kwao kuliko ahadi ya mwakani. Hilo ndilo lililo mkononi mwako.

#6 · Chikongola_B
Sawa mzee wangu #5, nimesoma. Lakini hao hao wanatenga hasara na bado wananadi. Kaka yangu alinadiwa Magomeni hapa hapa Mtwara, alikuwa na mnunuzi, barua yake haikujibiwa hadi dalali alipofika.

#7 · AfisaMstaafu
Siwezi kuisemea barua ya kaka yako kwa kuwa sikuiona. Ila nilizoziona mimi, nyingi zilikuwa hazina mnunuzi ndani yake. "Naomba muda, kuna mtu ananunua." Mtu gani? Pesa ziko wapi? Kamati haiwezi kupitisha mtu asiye na jina.

#8 · MamaWaMitandi
Mimi nipo Lindi, nimefanya. Nasimulia kama ilivyokuwa.

Marehemu mume wangu aliacha deni, nyumba iko Mitandi. Deni lilikuwa milioni 41, mnunuzi alitoa 33. Nilikwenda benki peke yangu mara tatu, nikarudishwa mara tatu. Mara ya nne nikaenda na mnunuzi mwenyewe, na taarifa ya akaunti yake, na barua ya serikali ya mtaa kwamba nyumba haina mgogoro. Siku hiyo tuliketi ofisini, hatukusimama dirishani.

Ilichukua miezi mitano. Mnunuzi karibu akate tamaa, nilikuwa nampigia kila Ijumaa kumuuliza hali na watoto, asije akanisahau. Mwisho wakafuta adhabu ya milioni tatu, na tano iliyobaki nikaandikiwa mkopo mpya mdogo wa laki mbili kwa mwezi, miezi 25. Nimemaliza. Nimepanga vyumba viwili Rahaleo ya Lindi na ninalala.

Kwa hiyo ndugu yangu, inawezekana. Ila #3 hakukosea kabisa, ile tano hawakuisamehe.

#9 · Salfa_na_Ngunja
Hongera dada. Miezi mitano yeye hana, ana siku 38.

#10 · BabaSalma_Chuno
Ahsanteni sana. Dada wa Mitandi umenipa nguvu. #5 nimeandika yote kwenye daftari. Kesho naenda kuomba huo mchanganuo wa deni. Swali la haraka: hizo siku 60 zinaanza kuhesabiwa lini? Barua imeandikwa tarehe 2, mimi nimeipokea tarehe 11.

#11 · FundiMwiko_Mikindani
Tarehe ya barua njomba.

#12 · Wakili_Ligula
Hapana #11, tumsaidie asipoteze siku tisa bure. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 127, inahesabu siku 60 tangu mkopaji alipoipokea notisi, tarehe ya kuandikwa haihesabiwi. Tafuta ushahidi wa siku uliyoipokea: kitabu cha kusaini, bahasha ya posta, chochote. Zikiisha hizo 60, bado mnada wa hadhara wa nyumba unahitaji tangazo la siku zisizopungua 14. Kwa hiyo siku ulizonazo ni nyingi kidogo kuliko unavyoogopa, ingawa si za kulalia.

Halafu soma kifungu cha 133. Benki inapouza ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana wakati huo. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya wastani wa soko kwa 25% au zaidi, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Thamani iliyoandikwa ni 168, wewe unataka kuuza 74. Hiyo ni chini ya nusu.

#13 · Mwana_Naliendele
Wakili samahani, hapo naona umechanganya mambo mawili. Kifungu hicho kinambana benki akiuza yeye. BabaSalma anataka kuuza mwenyewe kwa ridhaa ya benki. Na 168 ni ya 2021, sheria inasema soko la wakati wa kuuza.

#14 · Wakili_Ligula
Uko sahihi, na nimeandika kwa haraka. Nirekebishe: kifungu hicho hakimzuii BabaSalma kuuza 74. Kinachomsaidia ni kwamba benki nayo inajua ikinadi kwa 55 inaweza kuja kushitakiwa kwa bei ya kutupa. Mauzo aliyoyaridhia mkopaji mwenyewe yanaiondolea benki hofu hiyo. Aseme hivyo kwenye barua, kwa adabu. Na atafute uthamini mpya kwa mthamini aliyesajiliwa. Ukisema 95 kwa soko la leo, ile 74 haitaonekana ya ajabu.

#15 · Dira_ya_Msimbati
Mimi naomba tuulize jambo ambalo hamlisemi. Nyumba ya milioni 168 imekuwaje ya 74 ndani ya miaka michache? Huo uthamini wa 2021 ulikuwa wa kweli? Mthamini anaitwa na benki, afisa ana malengo ya kukopesha, mkopaji anataka pesa nyingi. Wote watatu wanafurahia namba kubwa. Anayebaki na kilio ni mmoja.

#16 · KiwanjaShangani
#15 si lazima iwe hila. Sisi wa hapa tunajua bei za Mtwara zilipandishwa na gesi. Miaka ya 2011 hadi 2014 kiwanja Shangani kilikuwa kinaulizwa kwa dola. Watu walijenga nyumba za kupangisha wazungu wa mafuta na gesi, jenereta, kisima, viyoyozi kila chumba. Bomba la kwenda Dar lilipozinduliwa 2013 kampuni zikaanza kuondoka na nyumba zikabaki na walinzi.

#17 · Mwana_Naliendele
Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015 mkuu. 2013 ni zile vurugu za Mei hapa mjini. Ila hoja yako naiunga mkono.

#18 · KiwanjaShangani
Sawa, 2015. Umri huo.

#19 · Salfa_na_Ngunja
Gesi ya nini? Chuno hapakuwahi kupanga mzungu hata mmoja. Kusini bei ya nyumba inafuata korosho. Msimu wa 2017 kilo ilipita 4,000, watu wa Tandahimba walikuwa wanakuja mjini kununua nyumba kwa pesa za kwenye viroba. 2018 minada ikagoma, Serikali ikanunua kwa 3,300 na jeshi likasomba, malipo yakachelewa, na mjini kukawa kimya. 2024 bei ikavuka 4,000 tena na mafundi wakapata kazi. Waulizeni wenye maduka ya bati.

Kwa hiyo BabaSalma, kosa lako ni msimu. Unauza Julai, mkulima hana pesa, ana deni la kupalilia. Minada ya korosho inafunguliwa Oktoba. Nyumba ya 74 Julai ni ya 90 Novemba.

#20 · FundiMwiko_Mikindani
Hapo Salfa umenena. Mimi kazi zote za kumalizia nyumba napata Novemba mpaka Februari. Julai nakwenda kuvua.

#21 · DalaliMsema_Kweli
Nawasalimu. Mimi ni dalali, na si huyo aliyemwambia 60. Naomba nisikilizwe bila kutukanwa.

Bei kushuka kuna sababu ndogo ambayo hamjaigusa. Mji ni mdogo. Nyumba ikishajulikana kuwa ina notisi ya benki, wenye pesa wanaacha kununua makusudi. Wanasubiri mnada. Nimeshuhudia watu wanne wanaokaa meza moja wakipanga nani atataja bei ya kwanza na nani atanyamaza. Huyo wa Masasi kufika 74 wakati notisi ipo ni mtu mwenye nia. Usimchezee kwa kungoja Novemba. Gharama za mnada nazo, tangazo, dalali, ulinzi, zote zinarudishwa kwenye deni lako. 60 ya mnada haibaki 60.

#22 · Dira_ya_Msimbati
Ahsante kwa ukweli #21. Sasa tuna sababu nne za bei kushuka na kila mmoja anaapa ya kwake.

#23 · MamaWaMitandi
Zote zinaweza kuwepo kwa pamoja. Kwangu Lindi walikuwa wanasubiri kiwanda cha gesi Likong'o, kila mwaka wanasema mwakani, na aliyenunua kwangu alinunua kwa ajili hiyo hiyo.

#24 · Mmwera_wa_Ohio
Salaam kutoka Columbus, Ohio. Kwetu ni Nachingwea. Jambo hili analouliza BabaSalma huku Marekani lina utaratibu wake kabisa na lilinipata mwenyewe, nikalia kama mtoto.

Nyumba niliinunua 2006 kwa dola 148,000. Kufika 2010 nilikuwa nadaiwa 139,000 na hakuna aliyetoa zaidi ya 97,000. Nilipunguziwa saa za kazi. Benki ilidai barua ya kueleza shida iliyonipata, hati za mshahara, taarifa za akaunti za miezi miwili na ritani za kodi. Kisha wakamtuma mtu wao kuja kuitazama nyumba na kusema bei yake. Hayo yote hayaanzi mpaka kuwe na mnunuzi aliyetia saini. Kwa hiyo mzee #7 amesema kweli hata ya huku.

Ilichukua miezi saba. Nilikuwa na mkopo wa pili mdogo juu ya nyumba hiyo hiyo, na mkopeshaji wa pili alikataa kuondoka mpaka naye apewe chake. Mpwa wangu, kama una deni jingine lililoandikwa kwenye hati hiyo, saccos au chama cha msingi, liseme mapema.

Jambo kubwa ni hili. Barua ya kukubali lazima iseme wazi kwamba kilichobaki kimefutwa. Kwenye majimbo mengi, isiposema, benki inaweza kukufuata baadaye. California ndio walitunga sheria 2011 kwamba ikisharidhia mauzo ya nyumba ya kuishi haiwezi kudai kilichobaki. Ohio hatuna hiyo. Mimi barua yangu ilisema limefutwa, nikaiweka kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa.

#25 · Chikongola_B
Shikamoo mama/baba wa Ohio. Na huko ukifutiwa ndio umemaliza?

#26 · Mmwera_wa_Ohio
Marahaba, ni mama. Hapana mwanangu. Deni lililofutwa huku linahesabika kama kipato na linatozwa kodi. Kulikuwa na sheria ya 2007 iliyowaondolea kodi hiyo watu wa nyumba za kuishi, ndiyo iliyoniokoa. Na kukopa tena nyumba nilingoja miaka.

#27 · Wakili_Ligula
Mama, tunashukuru kwa ushuhuda. Naomba tu wasomaji wasichukue sheria za Ohio wakazipeleka tawini Mtwara. Kwetu hakuna sheria inayoilazimisha benki kusamehe salio. Kila kitu kinasimama kwenye makubaliano ya maandishi, kwa hiyo ushauri wa mama kuhusu barua una uzito mkubwa zaidi hapa kuliko kwao. Barua itaje mambo matatu: bei iliyoridhiwa, kwamba rehani itaondolewa pesa ikiingia, na nini kitatokea kwa salio. Benki ikinyamaza kwenye la tatu, jua deni bado lipo na wadhamini wako bado wamefungwa.

#28 · Nuru_ya_Mangamba
Naomba niseme na mtu asichukie. Haya yote ni matunda ya riba. Mkopo ungekuwa wa ubia, Fuso ikipinduka hasara ingegawanywa.

#29 · Salfa_na_Ngunja
Ni kweli ustadhi, na siku nyingine tufungue uzi wa hilo, nitachangia. Leo tumtoe mtu shimoni kwanza.

#30 · Nuru_ya_Mangamba
Sawa. Nitamuombea na nitatoa langu pia: mnunuzi asimpe BabaSalma pesa mkononi, wala BabaSalma asiipokee. Shida ikimkaba mtu, pesa iliyo mfukoni haikai.

#31 · AfisaMstaafu
#30 amegusa penyewe. Hati iko benki, kwa hiyo mnunuzi hawezi kulipa kwa imani tu. Fanyeni mkataba wa pande tatu: muuzaji, mnunuzi, benki. Pesa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki inatoa hati pamoja na waraka wa kuondoa rehani, ndipo uhamisho unaendelea kwa Msajili wa Hati. Na ulizeni mapema nani analipa gharama za uhamisho. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkaazi ni 10% ya faida, kwa hiyo tunza risiti za saruji, nondo na mafundi ili uonyeshe ulitumia kiasi gani kujenga. Nimeona mauzo yakivunjika dakika ya mwisho kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye analipa.

#32 · FundiMwiko_Mikindani
Risiti za mafundi! Mimi mwenyewe sijawahi kumpa mtu risiti miaka 20.

#33 · Mwana_Naliendele
Ndiyo uanze njomba, kesho wateja wako watakuhitaji kama shahidi.

#34 · Kijana_wa_Rahaleo
Mbona hamumwambii njia fupi? Mke akasema hakuridhia rehani. Sheria inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia. Mahakama Kuu kanda ipo hapa hapa Mtwara, anaweka zuio, mnada unasimama mwaka mzima.

#35 · BabaSalma_Chuno
Kijana, mke wangu alisaini mbele ya wakili na picha yake ipo kwenye fomu. Siwezi kumtuma akaape uongo kwa ajili ya nyumba. Tutahama, lakini tuhame na majina yetu.

#36 · MamaWaMitandi
Allah akubariki kwa neno hilo.

#37 · Wakili_Ligula
Na hata kisheria lisingemfikisha mbali. Zuio linapimwa kwa vigezo vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kuwe na hoja nzito ya kusikilizwa, hasara isiyofidika kwa pesa, na nani ataumia zaidi. Mtu anayekiri deni anapata shida kwenye kigezo cha kwanza tu. Zuio likikataliwa unarudi na riba ya mwaka mzima juu. Na nyundo ikishagonga kwa mnunuzi mwenye nia njema, sheria inamlinda. Wewe unabaki kudai fidia, nyumba hairudi.

Kama benki haimjibu barua, afuate utaratibu: malalamiko ya maandishi kwa benki yenyewe kwanza, kisha dawati la malalamiko la Benki Kuu. BoT wana tawi Mtwara, hana haja ya kupanda basi.

#38 · Chikongola_B
Kaka yangu hakujua hilo la BoT. Laiti tungekutana na uzi huu miaka miwili iliyopita.

#39 · KiwanjaShangani
Pole kwa kaka yako mkuu. Anaendeleaje sasa?

#40 · Chikongola_B
Yupo Kilambo, analima ufuta. Mwaka huu kapata vizuri. Kinachomuuma hadi leo ni jina lake kuandikwa kwenye taarifa za wakopaji. Alikwenda kuomba mkopo mdogo wa pampu, wakamfungulia kompyuta wakamwonyesha.

#41 · AfisaMstaafu
Hilo BabaSalma aliweke kwenye mazungumzo. Aombe benki ipeleke taarifa kwamba deni limemalizwa kwa makubaliano. Haifuti historia, lakini anayesoma ataona mtu aliyekuja mezani mwenyewe.

#42 · BabaSalma_Chuno
Wakuu, narudi na taarifa. Zimepita siku nane.

Mchanganuo nimeupata: mtaji 79, riba 10 na laki tatu, adhabu 5. Mzee #5 ulikisia karibu kabisa. Uthamini mpya umesema 97 kwa soko, na 68 ikiuzwa kwa haraka. Nilipoiona ile 68 moyo ulitulia kidogo, kwa sababu mnunuzi wangu yuko juu yake.

Barua niliandika kurasa mbili, nikaambatanisha uthamini, picha za Fuso ilivyolala, na barua ya mnunuzi. Nilikwenda naye mwenyewe kama alivyofanya dada wa Mitandi. Meneja alitupokea, akaandika, akapeleka. Jana wamepiga simu: makao makuu wanataka 82, na juu ya salio hawajasema chochote.

Mnunuzi amesema 76, basi. Amekwenda Masasi kwenye msiba, anarudi Jumatatu.

#43 · DalaliMsema_Kweli
Wamejibu kwa namba. Benki isiyotaka kuuza haitaji namba.

#44 · Salfa_na_Ngunja
Na mimi bado nasema waombe wasogeze hadi katikati ya Oktoba. 82 utaipata korosho ikianza kulipwa.

#45 · AfisaMstaafu
Salfa, Oktoba ni miezi miwili ya riba na mnunuzi wa Masasi anaweza kuwa ameshanunua kwingine. Mimi ningeandika tena leo: 76 taslimu ndani ya siku 14, adhabu ifutwe, na tatu za mtaji zilipwe kwa miezi 30. Ningeionyesha benki kwamba mtaji wote, 79, unarudi. Inayopotea ni riba na adhabu tu.

#46 · Salfa_na_Ngunja
Mzee wangu, kwa heshima zote, wewe unajua benki, mimi najua msimu. Mbaazi zimeanza kuuzwa, pesa inaanza kuonekana mjini.

#47 · Dira_ya_Msimbati
Ulizeni pia riba hiyo ya 10 na laki tatu imehesabiwaje tangu mkopo uwe chechefu. Mimi ningetaka kuona kila mwezi.

#48 · Mmwera_wa_Ohio
Mpwa, mimi waliniambia hapana mara mbili kabla ya ndiyo. Usikasirike kwenye simu. Andika tarehe na jina la kila unayezungumza naye.

#49 · MamaWaMitandi
Na mnunuzi mpigie, mpe pole ya msiba. Usimtajie nyumba.

#50 · BabaSalma_Chuno
Nimempigia sasa hivi, dada. Mazishi ni kesho adhuhuri, Chikundi. Nitapanda gari la alfajiri nikamzike naye. Barua ya pili nimeiacha kwa mke wangu, ataipeleka tawini saa mbili, na amesema hatatoka mpaka wamgongee muhuri kwenye nakala.